Zile sindano za tumboni ziliishia wapi?

Kliniki ya watoto inapofika zamu ya maswali, swali la mbwa haliko mbali. Huku Mbulu na Hanang karibu kila boma lina mbwa wa kulinda mifugo, na wanaoshinda naye machungani ni watoto. Anayeuliza mara nyingi ni bibi kuliko mama, na huuliza hivi: "Nesi, mjukuu wangu aking'atwa, bado mnachoma zile sindano kumi na nne za tumboni?"

Jibu fupi ni hapana. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya siku hizi huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani, na haifiki sindano kumi na nne. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu bibi huyo hakudanganywa na mtu. Sindano za tumboni zilikuwepo kweli na zilikuwa na madhara, kwa hiyo watu walikuwa na sababu ya kuziogopa. Kilichobadilika ni mahali chanjo inapotoka. Zamani ilitoka katika ubongo wa wanyama. Leo inatoka katika seli, yaani zile chembe hai ndogo zinazojenga mwili, ambazo hukuzwa ndani ya chombo cha maabara. Mama akilielewa badiliko hilo, hofu ya zamani haitamzuia kumleta mtoto.

Na kuchelewa kumleta ndiko kunakoua. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akimng'ata mtoto, akimkwaruza, au akimlamba penye kidonda, macho au mdomo, virusi huweza kuingia, vikasafiri polepole ndani ya neva hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu. Wakati mwingine huchukua wiki moja tu, na mara chache hufika mwaka. Muda huo wote kidonda kimeshapona, mtoto anacheza, na familia inaamini mambo yameisha. Dalili zikianza, kama kuogopa maji, kushtuka na kuchanganyikiwa, karibu hakuna anayepona, hata apelekwe hospitali kubwa namna gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo mbwa humfikia usoni na kichwani, karibu na ubongo.

Chanjo iliyotoka kwenye ubongo wa kondoo

Mwezi Julai 1885, mama mmoja wa jimbo la Alsace alimpeleka mwanawe Joseph Meister, mvulana wa miaka 9, hadi Paris kwa Louis Pasteur. Mtoto alikuwa ameng'atwa sehemu nyingi na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alikuwa na dawa aliyoijaribu kwa mbwa. Ilitokana na uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, ukaning'inizwa ukauke siku kadhaa ili virusi vipungue nguvu. Joseph alichomwa sindano 13 ndani ya siku chache tu, na hakuugua.

Kwa nini iwe lazima sungura? Kwa sababu virusi haviongezeki vyenyewe kama mbegu za mahindi shambani. Vinahitaji seli hai za kuingia ndani yake, na virusi hivi hupenda seli za neva kuliko nyingine zote. Wakati ule njia pekee ya kuvipata kwa wingi ilikuwa kumwambukiza mnyama mzima, kisha kuchukua ubongo wake au uti wa mgongo.

Mwaka 1911 daktari Mwingereza, David Semple, aliyefanya kazi India, aliboresha njia hiyo. Ubongo wa mnyama aliyeambukizwa, hasa kondoo, ulisagwa, kisha virusi vikauawa kwa dawa iitwayo fenoli. Chanjo ya namna hiyo ilienea nchi nyingi na kutumika kwa miongo mingi. Ilikuwa na nguvu ndogo, ndiyo maana mgonjwa alichomwa kila siku, sindano 14 hadi 21. Kila sindano ilikuwa na dawa nyingi, na tumbo lilichaguliwa kwa kuwa lina nafasi kubwa chini ya ngozi. Ukihesabu siku hizo na barabara zetu wakati wa masika, utaelewa kwa nini wengi waliacha njiani.

Maumivu hayakuwa tatizo kubwa kuliko yote. Chanjo ile ilibeba vipande vya ubongo wa kondoo, na ubongo wa kondoo una vitu vinavyofanana na vya kwetu, hasa ile tabaka ya mafuta inayofunika neva. Kinga ya mwili ikivizoea vile vya kondoo kuwa ni adui, inaweza kugeuka ikashambulia neva za mgonjwa mwenyewe. Watu wachache walipooza, na baadhi yao walikufa, si kwa kichaa bali kwa chanjo. Kwa hiyo hofu ya bibi ina historia.

Shirika la Afya Duniani lilianza kupendekeza chanjo za ubongo ziachwe mwaka 1984. India iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2004. Jirani zetu wa Ethiopia waliendelea na chanjo ya ubongo wa kondoo hadi miaka ya 2010, si kwa kupenda, bali chanjo mpya ni ghali na yao ilitengenezwa hapo hapo Addis Ababa. Mabadiliko ya maabara hufika haraka kwenye vitabu, na polepole sana kwenye friji ya zahanati.

Mtindi na seli

Sasa tuje kwenye chanjo ya leo. Ili kuielewa, fikiria mtindi wa nyumbani. Ukishapata mtindi mzuri mara moja, unabakiza kidogo kwenye kibuyu, unaongeza maziwa mapya, na kesho una mtindi mwingine. Huhitaji kurudi kwa jirani aliyekupa wa kwanza. Seli za maabara huendelezwa kwa namna inayofanana na hiyo.

Mwaka 1962, Yasumura na Kawakita wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walichukua seli za figo ya tumbili wa Afrika, ndugu wa hawa wanaotumalizia mahindi shambani. Wakaziweka kwenye kimiminika chenye chakula cha seli, katika joto kama la mwili. Zikagawanyika: moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Walizipa jina Vero. Tangu mwaka ule seli hizo zimeendelea kuzalishwa na kugawanywa kwa maabara za dunia nzima. Akiba yake hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, kama zile mbegu za dume anazokuja nazo mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Hakuna haja ya kumchinja tumbili mwingine kwa kila chanjo.

Kiwandani seli hizo hukuzwa kwa wingi ndani ya matangi. Zikishajaa, huwekewa virusi vya kichaa. Virusi huingia, huongezeka, kisha hutoka na kumwagika kwenye kile kimiminika. Kimiminika ndicho kinachokusanywa. Virusi vilivyomo huuawa kwa kemikali, husafishwa mpaka mabaki ya seli yabaki kidogo mno, kisha hukaushwa kuwa ule unga mweupe unaouona kwenye kichupa kabla muuguzi hajauchanganya na maji yake maalumu. Humo hakuna ubongo. Kwa kuwa hakuna ubongo, ile hatari ya kinga kugeukia neva, iliyozifanya chanjo za zamani ziogopwe, iliondoka pamoja nao. Na kwa kuwa chanjo ni safi na yenye nguvu, sindano chache zinatosha.

Chanjo ya kwanza ya seli iliyothibitishwa kwa watu waliong'atwa haikuwa ya Vero. Ilitengenezwa kwa seli za binadamu, na ilishajaribiwa kwa wanyama kabla. Huko Iran, katikati ya miaka ya 1970, watu 45 walioumizwa vibaya na mbwa na mbwamwitu wenye kichaa walipewa chanjo hiyo, sindano sita tu, pamoja na seramu. Taarifa ilipochapishwa mwaka 1976, wote 45 walikuwa hai. Kwa ugonjwa usioacha mtu, hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Hapa huwa kuna swali, na ni haki kulijibu wazi. Ndiyo, seli za binadamu zilizotumika katika kazi hizo za mwanzo zilitokana na mapafu ya kijusi cha mimba zilizotolewa Ulaya katika miaka ya 1960. Nazo zimekuwa zikizalishwa maabara tangu wakati huo. Chanjo za kichaa zinazotumika sana duniani leo ni za seli za Vero, na nyingine ni za seli za kifaranga aliye ndani ya yai. Mama ambaye jambo hili linagusa imani yake aulize tu kituoni chanjo iliyopo ni ya aina gani. Imeandikwa kwenye boksi, na mhudumu atakusomea.

Wengine huuliza kama mtoto ataingiziwa utumbili. Hapana. Kinachobaki kwenye chanjo ni virusi vilivyokufa. Seli zenyewe zimeondolewa, na hakuna kinachoota ndani ya mtoto.

Wanyama hawajaondoka kabisa

Nisingependa mtu asome hapa akadhani maabara zimeachana na wanyama. Chakula cha seli mara nyingi huongezewa seramu ya ndama. Na kila toleo la chanjo, kabla ya kuruhusiwa, lazima lipimwe kama lina nguvu. Kipimo cha miaka mingi ni cha panya. Panya wengi, zaidi ya mia kwa toleo moja, huchanjwa kisha huingiziwa virusi vya kichaa kwenye ubongo, halafu huhesabiwa waliopona na waliokufa. Ni kipimo cha kikatili na cha wiki kadhaa, na majibu yake huyumba. Chanjo ile ile ikipimwa mara mbili inaweza kutoa namba mbili zilizoachana. Ndiyo maana wataalamu wanahamia kwenye kipimo cha kisahani, kinachoitwa ELISA. Chenyewe hupima moja kwa moja ile protini ya juu ya virusi inayoamsha kinga. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote. Panya anahurumiwa, sawa, lakini mama wa Dongobesh anayenunua chanjo kwa fedha ya mbuzi anahitaji kipimo kisichoyumba.

Eneo jingine ni ile kinga ya haraka, imunoglobulini, inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda pale ambapo ngozi imepasuka. Chanjo huchukua siku kadhaa kuamsha kinga. Imunoglobulini huziba pengo hilo. Hutoka kwenye damu ya farasi waliochanjwa, au ya watu waliochanjwa, na siku zote imekuwa adimu na ghali. Mwaka 2016 India iliidhinisha kinga ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa seli za maabara bila farasi, na Shirika la Afya Duniani linaikubali katika mwongozo wake wa 2018. Vituo vyetu vingi bado havina hata ile ya farasi. Ikikosekana, chanjo haisubiri: mtoto aanze chanjo.

Na kumpima mbwa je?

Zamani, ili kujua kama mbwa alikuwa na kichaa, maabara ilichukua kipande cha ubongo wake, ikakisaga na kuwadunga panya wachanga, kisha ikasubiri kama watakufa. Kungoja kuliweza kufika siku 28. Leo mapendekezo ni kutumia seli za maabara badala ya panya, na majibu hupatikana kwa siku chache, au kupaka ubongo kwenye kioo na kuuangalia kwa rangi maalumu, kwa saa chache.

Kipimo kimoja cha aina hiyo ya mwisho kinatuhusu kwa karibu, kwa kuwa kilithibitishwa kwa sampuli za kaskazini magharibi mwa Tanzania, ukanda wa Serengeti. Kipimo cha kawaida kinahitaji hadubini ya mwanga maalumu, ambayo ni ghali. Hiki kipya kinatumia hadubini ya kawaida, ya namna ile ile tunayoangalizia malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa majibu yake yanalingana na ya kile cha gharama, hata kwa sampuli zilizohifadhiwa kwenye gliserini muda mrefu. Kwa maeneo kama Yaeda au Basotu, ambako umeme na barafu si vya kutegemea, hapo ndipo faida ilipo.

Hata kipimo cha mimba kimepita njia hii. Kuanzia miaka ya 1930, mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura wa Afrika Kusini. Chura akitaga mayai kabla ya siku kuisha, basi mama ni mjamzito. Leo ni kijikaratasi cha dakika tano, na hakuna anayemkumbuka chura.

Mtoto aking'atwa leo

Osha kwanza. Sabuni yoyote na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, hata kama mtoto analia. Virusi hivi vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Vinachoma nyama na kukupotezea muda. Kisha panda gari au bodaboda siku hiyo hiyo. Kama unaweza, piga simu kabla uulize kituo kipi kina chanjo, kwa sababu si kila zahanati inayo, na safari ya kutoka Haydom hadi Katesh si ya kurudia bure. Katika maeneo mengi familia hulipia chanjo hii, kwa hiyo uliza bei pia kwenye simu hiyo hiyo.

Ratiba ataiandika mhudumu. Kwa mapendekezo ya dunia ya 2018, chanjo ikichomwa juu juu ndani ya ngozi, mtoto huja mara tatu ndani ya wiki moja: siku ya kwanza, kisha siku ya 3 na ya 7 baada yake. Ikichomwa msulini, ratiba iliyozoeleka ni ziara nne, na ya mwisho huwa kati ya wiki ya pili na ya nne. Haichomwi makalioni. Mama mjamzito au anayenyonyesha aking'atwa, naye achanjwe bila kusubiri. Na kama mtoto aling'atwa wiki tatu zilizopita nawe ndiyo kwanza unasoma, mlete. Maadamu dalili hazijaanza, bado kuna nafasi.

Mbwa naye asiuawe haraka akiwa anaonekana mzima na anaweza kufungwa. Afungwe siku 10 akiangaliwa na afisa mifugo, huku mtoto akiendelea na chanjo. Akiwa bado mzima siku ya kumi, mhudumu anaweza kusimamisha sindano zilizobaki, nawe ukaokoa fedha. Akiugua au akifa, mwambieni afisa mifugo siku hiyo hiyo. Msimponde kichwa na msimtupe korongoni, kwa sababu sampuli ya maabara inatoka kwenye ubongo. Anayemgusa avae glavu, na watoto wakae mbali.